Mchenya wa Nyumba ya Sista

Yule muuguzi kijana aliniuliza swali lake nikiwa na sahani ya pilau mkononi na mdomo umejaa, nadhani alichagua makusudi wakati ambao siwezi kumkwepa. "Samahani, mama," akasema, "hivi hii nyumba mbona matofali yake yako hivi? Mstari mmoja mnene, mstari mmoja mwembamba, mpaka juu. Ni urembo?" Ilikuwa sherehe ya kumuaga Sista Modesta, mkunga wa zahanati ya mtaa wa Mwabulugu, pembezoni mwa mji wa Bariadi, ambaye alikuwa amestaafu wiki ile na kumwachia binti huyu funguo za nyumba ya mtumishi. Mimi nilikuwa nimesafiri kutoka mkoa wa mbali ninakofanya kazi siku hizi, nimevaa kitenge cha sare ambacho fundi alikikosea mabega, na njaa ilikuwa imenishika kweli kweli. Nikameza kwanza. Kisha nikamwambia, si urembo, mwanangu, hilo ni kosa langu, na kama una dakika kumi nitakusimulia jinsi nilivyolirekebisha. Nimelisimulia kosa hilo mara nyingi. Nawasimulia maafisa wapya kwenye semina, nawasimulia wakubwa wanaojifanya hawajawahi kukosea, na kusema kweli nalisimulia vizuri.

Habari za kwetu Shishiyu nitaziacha huko huko Shishiyu. Aliyewahi kuchuma pamba ya baba yake anazijua, na ambaye hajawahi hazitamsaidia. Ninaousema ni mwaka mmoja tu, mwaka wangu wa kwanza kazini, nilipopangiwa halmashauri ya mji nikiwa afisa maendeleo ya jamii, bado niko kwenye kipindi cha majaribio. Mkoa wenyewe ulikuwa mbichi. Majengo hayakutosha, kwa hiyo idara yetu ilipanga nyumba ya mtu, nyumba ya familia kabisa, yenye alama za viganja vya watoto ukutani. Mkuu wa idara alichukua chumba cha wazazi. Sisi wadogo tulibanana sebuleni. Injinia Shija, mhandisi wa ujenzi, aliangukia jikoni, na michoro yake ya madarasa na makalavati ilikuwa imeegemezwa kwenye sinki ambalo bado lilikuwa linavuja. Kati ya sebule na chumba cha mkuu kulikuwa na ubao mwembamba usiofika darini, kwa hiyo siri za idara tulizisikia zote, hata mke wake alipompigia simu kumkumbusha dagaa.

Kazi yangu ilikuwa ruzuku. Watu wanadhani ruzuku ya serikali kuu ni gunia la hela linaloshushwa mlangoni. Thubutu! Ruzuku ni kama mvua ya kwetu: inachelewa, na ikikukuta hujalima inakupita. Kwanza mtaa unakaa mkutano wa hadhara na kuchagua kipaumbele kimoja kwa kunyoosha mikono. Kimoja, siyo vitatu. Halafu wananchi wenyewe wanajenga boma, yaani kuta tupu, mpaka usawa wa renta, pale juu ya milango na madirisha, na hizo ndizo zinaitwa nguvu za wananchi. Mhandisi anakuja, anapima, anasaini. Akishasaini ndipo ruzuku inashuka: mbao, bati, milango, sakafu, plasta ya ndani. Na yote haya yawahi kabla Juni haijaisha, maana mwaka wa fedha ukifungwa, kisichotumika kinarudi Hazina, na kikisharudi huko usitegemee kukiona upesi. Siku hizi taarifa zote zinaingia kwenye mfumo wa kompyuta na vijana wangu wanalalamika mtandao uko chini. Mimi nawaambia, mtandao wetu ulikuwa pikipiki ya Injinia, na ulikuwa chini mara nyingi zaidi.

Mwabulugu walichagua nyumba ya mtumishi wa zahanati, lakini isingekuwa mama mmoja wangechagua lambo la kunyweshea ng'ombe. Wanaume walikuwa wameshaanza kunyoosha mikono, yule mama akasimama na mtoto mgongoni, akasema, "Ng'ombe wangu anazaa mwenyewe, baba. Mimi sizai mwenyewe." Akakaa. Mikono ikashuka mmoja mmoja. Kila mtu uwanjani pale alijua anachosema. Sista Modesta alikuwa mkunga pekee wa zahanati ile, na hakuwa na pa kulala isipokuwa stoo ya dawa. Kabla yake waliletwa wawili na wote waliondoka kabla ya mwaka kuisha.

Stoo hiyo naifahamu kuliko chumba chochote nilichowahi kulala, kwa sababu nami nilihamia humo. Kutoka ofisini hadi Mwabulugu ilikuwa mbali, usafiri hakuna, basi siku za kazi za ugani Sista akanikaribisha. Yeye alikuwa na kitanda cha futi mbili na nusu. Mimi alinijengea cha maboksi. Kulikuwa na maboksi makubwa ya glovu na maboksi mafupi ya maji ya dripu, na mara ya kwanza niliyapanga mwenyewe ovyo, godoro likainama nikaamka niko sakafuni. Sista alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akayapanga upya: safu ya chini yote makubwa, safu ya juu yake yote mafupi, halafu makubwa tena. Likawa tambarare kama meza. Tulikula tukiwa tumekaa kwenye kitanda hicho. Asubuhi matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemsha, pamoja na karanga. Mchana ugali wa mtama na mlenda. Na mara moja moja dagaa ambao mama yake aliwatuma kutoka Kalemela kwenye kopo la rangi lililooshwa vizuri. Nje ya dirisha akina mama wajawazito walisubiri zamu zao, wakiwasema waume zao kwa Kisukuma bila kujua kwamba yule afisa wa ndani ni Msukuma mwenzao. Nilijifunza mengi kuhusu ndoa kabla sijaolewa.

Mara moja tu Sista aliniambia mambo yake waziwazi. Alikuwa anachambua dagaa, hakunitazama. "Minza, mdogo wangu, mimi si mtakatifu. Mama yangu yuko Kalemela peke yake, macho yameanza kumwisha, na siwezi kumleta alale juu ya maboksi. Nimeshaandika barua ya uhamisho. Nyumba ikisimama mwaka huu, nabaki, namleta mama hapa. Ikikwama, nakwenda, na sitaona aibu." Nikamwambia itasimama. Akasema, "Wote waliotangulia walisema hivyo." Nikamwambia, wote waliotangulia hawakuwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nisamehewe.

Mwezi wa tano ukaingia na kiwanja kikabaki na msingi peke yake, ule ambao Injinia alikuja kuusimamia, na majani yakaanza kuota katikati yake. Mwenyekiti wa mtaa alipiga filimbi kila Jumamosi. Wakija watu sita ilikuwa sikukuu. Watu walikuwa kwenye pamba, nani angewalaumu? Ila alasiri moja, nikiwa nimekaa juu ya msingi wangu nimenuna, nikasikia ngoma. Upande wa mashariki wa mtaa kundi la ngoma la Wagika lilikuwa linafanya mazoezi, na upande wa magharibi wapinzani wao wa jadi, Wagalu, wakawajibu. Kwetu ngoma ya mashindano inachezwa hivi: makundi mawili yanacheza muda mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji wengi. Watu wanakimbia huku na huko, na kundi linalobaki linacheza peke yake litaonewa huruma mwaka mzima. Wale watu ambao Mwenyekiti alisema wamechoka na pamba walikuwa wanaruka hadi vumbi linafunika jua. Hapo ndipo nilipopata akili yangu. Niliwafuata viongozi wao wawili, Mzee Lugwesa wa Wagika na Mzee Masunga wa Wagalu, kila mmoja kwake, nikamwambia kila mmoja maneno yale yale: mwenzako amesema ninyi mnajua kucheza tu, kujenga hamuwezi.

Kesho yake alfajiri kiwanja kilikuwa kimejaa. Wagika nikawapa nusu ya mashariki, Wagalu nusu ya magharibi. Kila kundi lilikuja na matofali ya tanuru lake, fundi wake, uzi wake na ngoma zake. Udongo wa kichuguu ulikandwa kwa miguu kwa kufuata mdundo. Watazamaji walikimbia mashariki Wagika walipopandisha kozi, yaani mstari mmoja wa matofali, wakakimbia magharibi Wagalu walipowapita. Lugwesa alifukia kitu fulani kwenye kona yake, na Masunga akapita akitema mate kwa dharau, akasema dawa haijawahi kubeba tofali. Mimi nilizunguka na daftari langu, kichwa juu. Kwa siku kumi na mbili kuta zikafika renta. Nikaandika taarifa yenye kichwa kirefu kuhusu ushirikishwaji wa jamii, mkuu wa idara akanisifu mbele ya wote pale sebuleni, na nilijiona nina akili kuliko mkoa mzima.

Injinia Shija alikuja na pikipiki, akatoa pima maji na uzi. Hakusalimia mtu, na kwa Msukuma hiyo ni dalili mbaya. Alifunga uzi kona ya mashariki, akauvuta hadi kona ya magharibi, akasimama anautazama. Kisha akachukua rula yake ndefu ya chuma, akaichomeka katikati ya ukuta wa mbele, pale Wagika walipokutana na Wagalu. Rula ikaenda, ikaenda, ikatokea upande wa pili. "Nani alisimamia hapa?" "Mimi, Injinia." "Ulisimamia ujenzi au ngoma?" Ndipo akanionyesha nilichokuwa nakitazama kila siku bila kukiona. Kalibu ya kufyatulia ya Wagika ilikuwa ya tofali nene, ya Wagalu tofali jembamba. Kozi za huku hazikulingana na kozi za kule hata moja, na kule juu zilipishana vidole vinne. Kwa sababu hazikulingana, hakuna tofali la upande mmoja lililoingia upande wa pili. Nyumba nzima ilikuwa na mpasuko ulionyooka, mbele na nyuma, kutoka msingi hadi renta. "Hizi ni nyumba mbili zinazochukiana," Injinia akasema. "Nikiweka bati hapa, masika ya kwanza inamwangukia mtu. Sisaini."

Nikadhani ni jambo la kubomoa nusu na kujenga tena. Maskini mimi! Masunga alisema kwa upole kabisa kwamba Wagalu hawana tatizo, Wagika wabomoe lao. Lugwesa akasema vivyo hivyo kwa kugeuza. Nikawabembeleza, nikawaletea Mwenyekiti, nikamtaja Sista. Walimpenda Sista, kati ya wajukuu zao hakuna ambaye hakupitia mikononi mwake. Lakini kubomoa wakati mwenzako anakutazama ni kushindwa, na kushindwa kwa ngoma kunatungiwa wimbo, na wimbo utaimbwa mpaka kwenye msiba wako. Lugwesa aliniambia, "Ng'wanawane, mwanangu, niombe ng'ombe nitakupa. Hilo usiniombe."

Siku mbili baadaye nilikuwa sebuleni ofisini, na nyuma ya ubao sauti ya mkuu wa idara ikaja wazi kama redio. "Mwaka wa fedha unaisha. Tafuta mtaa wenye boma tayari, tuhamishie fedha huko kabla hazijarudi. Na yule binti aandikiwe barua ya kujieleza." Injinia akajibu kwamba Mwabulugu bado wana nafasi wakibomoa, mkuu akasema, "Watabomoa lini? Wale watapigana kwanza." Wenzangu sebuleni wote wakainamia karatasi zao. Niliingia ndani bila kubisha hodi. Nikamwambia mkuu nataka kwenda mkutanoni, nikiri mbele ya wananchi kwamba kosa ni langu. Alinitazama kama mtu aliyeomba likizo siku ya bajeti. "Wewe binti, sikiliza. Mtumishi wa serikali hakiri kosa kwenye mkutano wa hadhara. Leo umekiri la matofali, kesho watakudai la barabara. Kaa kimya, andika kwamba jamii haikushirikiana." Nikasema, "Shikamoo, mzee," ingawa tulikuwa tumeshasalimiana, maana sikupata neno lingine la kutokea nalo.

Alasiri ile nilirudi stoo, nikajitupa kwenye kitanda changu nikalia. Sista alikuwa wodini. Nililia mpaka nikachoka, nikalala kifudifudi nikitazama ubavu wa kitanda, macho karibu kabisa na maboksi. Makubwa, mafupi, makubwa, mafupi. Na juu, tambarare. Nikaketi. Asubuhi iliyofuata nilikuwa jikoni kwa Injinia kabla hajafika, nikachukua mafaili yake manene na membamba, nikayapanga juu ya sinki: safu yote manene, safu yote membamba, kuzunguka pande zote. Alipofika hakuelewa, kisha akaelewa, akaweka pima maji yake juu. Tone la hewa likatulia katikati. "Kozi moja ya Wagika nyumba nzima," nikasema, "kozi moja ya Wagalu nyumba nzima. Hakuna nusu ya mtu." Akakuna kichwa. "Itasimama. Lakini wabomoe mpaka msingi, pande zote mbili. Tarehe ishirini naja. Nikikuta bado, fedha zinahama, na usinililie."

Mkutano ulifanyika mbele ya zahanati, watu wamekaa juu ya mabaki ya matofali, Wagika huku, Wagalu kule. Nilisalimia, "Mwadila!" wakaitikia kwa uvivu. Nikaacha Kiswahili cha ofisini. Kosa ulilowafanyia watu wa nyumbani huliungami kwa lugha ya barua. Nikawaambia kwa Kisukuma kwamba niliwadanganya. Mzee Masunga hakuwasema Wagika, Mzee Lugwesa hakuwasema Wagalu, uchonganishi wote ulikuwa wangu, nilitaka sifa. Nikasema niliichukua nyumba moja nikaigawa kama uwanja wa ngoma, na hakuna fundi duniani ambaye angeiunganisha. Sauti yangu haikutetemeka, na hilo najivunia hadi leo. Masunga akauliza polepole, "Kwa hiyo sisi hatukukosea?" "Hamkukosea, baba. Kila mmoja alijenga vizuri." "Na hatukushindwa?" "Aliyeshindwa ni mimi." Akamgeukia Lugwesa, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wakitazamana bila kutafutana ubaya. Lugwesa akajisafisha koo. "Basi kama kuna mkosaji," akasema, "atoe mchenya."

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Mchenya ni faini yetu ya zamani: aliyewakosea watu anawalisha, wanakula, na wakishanawa mikono kesi imekwisha, haitajwi tena. Walinihukumu mbuzi wawili na mchele wa kuwatosha wote, nipike kwa mikono yangu, na siku ya kubomoa nibebe matofali kama wao. Mbuzi wawili, kwa sababu Wagika wasingekula chungu cha Wagalu. Na vyungu viwili viwashwe kwa wakati mmoja, viive kwa wakati mmoja, vipakuliwe kwa wakati mmoja, asije mtu akasema alihudumiwa wa pili. Nikawashukuru, wabeja, wabeja sana. Nimewahi kupandishwa cheo mara tatu na hakuna barua iliyonifurahisha kama hukumu ile.

Siku ya kupika karibu yote iharibike kwa sababu ya kuni. Mvua isiyo na adabu ilikuwa imenyesha jana yake, katikati ya kiangazi, na kuni zikawa mbichi zinatoa moshi tu. Sufuria mbili kubwa za kukopa, majiko mawili ya mafiga nyuma ya zahanati, wazee mia wamekaa wanameza mate, na mimi nimepiga magoti napuliza huku nakimbia kupuliza kule, macho yanatiririka. Wagalu wakaanza kunung'unika kwamba jiko la Wagika limetoa cheche. Sista Modesta alikuwa amesimama mlangoni na aproni yake, ananitazama. Akaingia stoo, akatoka na karatasi mkononi. Akaipasua katikati, akachuchumaa, nusu akaisukuma jiko hili, nusu jiko lile, akawasha zote kwa kiberiti kimoja. Moto ukashika pande zote pamoja. "Haya, pika," akaniambia, akarudi kwa wagonjwa wake. Niliunguza ukoko wa chini wa sufuria zote mbili, kwa haki sawa.

Walikula, wakanawa, wakasimama. Masunga na Lugwesa walikwenda kila mmoja kwenye kona yake, wakahesabu pamoja kwa sauti, na kila mmoja akang'oa tofali la kwanza. Mpaka jua linaelekea kutua kuta zote zilikuwa chini. Udongo wa kichuguu haushiki kama saruji, kwa hiyo matofali yalitoka mazima, tukayapanga marundo mawili. Kuanzia kesho yake mafundi wote wawili walivuta uzi mmoja. Kozi ya Wagika ilipopanda, Wagalu waliwasogezea udongo, na ilipofika zamu ya Wagalu, Wagika walisogeza wao, wakicheka na kusahihishana. Lugwesa alinitungia wimbo, kwamba Minza alitaka nyumba moja akapata mbili, akalia, akapika, akapata moja. Bado unaimbwa, nimeusikia kwenye harusi ya mtu nisiyemjua. Tarehe ishirini Injinia alifunga uzi wake, akaweka pima maji, akasaini juu ya tanki la pikipiki. Mkuu wa idara hakuniandikia barua ya kujieleza, wala hakunisifu tena, aliniuliza tu, "Ulikiri?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mh." Bati zikaja kabla ya Juni kufungwa. Agosti Sista alihamia, na Septemba alimleta mama yake kutoka Kalemela, akiwa na kopo lake la rangi.

Hayo ndiyo niliyomsimulia yule muuguzi kijana, naye akanyanyuka ameridhika, akaenda kuwahudumia wageni soda. Sista Modesta alikuwa amekaa karibu yetu muda wote, kwenye kiti kilichopambwa kwa maua ya plastiki, anasikiliza. "Unasimulia vizuri," akasema. Nikamwambia najua. Akacheka kidogo. "Zile kuni zilikuwa mbichi, unakumbuka?"

"Nitasahauje? Ukaingia ndani ukaleta karatasi."

"Ilikuwa barua."

"Barua gani, Sista?"

"Ya uhamisho. Walikuwa wamenikubalia, kituo cha jirani na kwa mama kabisa. Ilinifikia juzi yake. Jumatatu nilitakiwa niripoti." Akanyoosha kitenge chake magotini. "Nilikuwa nimeshafunga begi. Lilikuwa chini ya kitanda, wewe ulikuwa huoni kitu siku hizo."

Nilihesabu kichwani. Siku ile ya kuni kuta mbovu zilikuwa bado zimesimama, hazijabomolewa. Injinia hakuwa amesaini chochote, na fedha zilikuwa zinakaribia kuhamishiwa mtaa mwingine. Nikamwambia, "Lakini nyumba haikuwepo! Ulisema nyumba ikisimama ndipo unabaki. Hakukuwa na hata tofali moja la kutumaini."

"Halikuwepo," akakubali. "Nilikuona tu umepiga magoti unapuliza moto wa watu mia, na sare yako ya ofisini. Nikasema, huyu nikimwacha hapa peke yake ni dhambi. Kesho yake nikawaandikia kwamba siendi."

Mama yake aliishi katika nyumba ile miaka saba, na alifia kwenye chumba cha mashariki, mkono wake mkononi mwa bintiye. Hilo nalijua, nilikuja kuzika. Lakini wakati Sista anaichana ile karatasi hakujua kama kutakuwa na chumba cha mashariki wala cha magharibi. Miaka yote hii nimesimama mbele ya watu nikisema nilimbakisha mkunga Mwabulugu kwa kujenga nyumba. Machozi yakanitoka pale pale mbele ya wageni, na sikuyafuta. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulikuwa unajisifu vizuri," Sista akasema. "Nikaona nisikukatishe."

Nikaweka sahani chini. Nikamwona yule muuguzi kijana anapita na kreti ya soda, nikamwita kwa sauti mpaka watu wakageuka. "Mwanangu, tua hiyo kreti uje ukae hapa," nikamwambia. "Ile hadithi nimekusimulia nusu."